Usajili umekwisha, chai inaanza

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Unguja

SIKU ile nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimeazima vespa ya rafiki yangu, natoka Michenzani nakuja Forodhani kuonana na mtu aliyeniahidi habari. Njiani nikapigwa mkono. Askari alinisalimia vizuri tu, akaizunguka vespa mara moja, akatazama karatasi, halafu akaniuliza swali ambalo kila kijana wa mjini analijua kwa moyo: "Sasa, kijana wangu, tunafanyaje?"

Karatasi ilikuwa imekwisha muda wiki tatu nyuma. Mimi sikujua. Rafiki yangu, nilipomuuliza baadaye, alisema alikuwa akijua, ila alikuwa "anasubiri mwezi uandame". Askari hakuandika kitu. Hakunitajia sheria, hakunitajia kifungu, hakunitajia kiwango cha faini. Alinyamaza tu, anaangalia upande wa bahari kama mtu anayesubiri jahazi. Nami nikafanya wanachofanya wengi. Nikatoa elfu tano, nikaambiwa, "Haya, pita, lakini mwambie mwenyewe atengeneze."

Nayaandika haya kwa aibu. Mtoa rushwa na mpokea rushwa wote wana kesi, hilo sheria haina utani nalo. Lakini nimeona afadhali nianze na kosa langu mwenyewe, maana mwandishi anayewasema wenzake wakati kwake kunafuka moshi hana haya.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Siku nne baadaye vespa ile ile ilisimamishwa tena, safari hii akiendesha mwenyewe. Akajitetea kwamba "tulishamalizana" na askari mwingine. Akachekwa. Elfu tano yangu haikuandikwa popote. Haikuwa faini, haikuwa ada, haikuwa hata deni. Ilikuwa chai, na chai ikishanywewa haina kumbukumbu.

TAREHE NDOGO, KESI KUBWA

Vijana wengi wa mjini tunadhani gari au honda ikishasajiliwa na kupewa namba, basi mambo yamekwisha. Yakhe, si kweli. Kusajili ni kama kuzaa. Mtoto akishazaliwa anataka kulishwa. Namba ya gari inaishi kwa karatasi nyingine zenye tarehe: ada inayotakiwa kulipwa kwa wakati wake, bima, ukaguzi wa chombo, na kwa gari ya abiria kuna ruhusa ya njia. Juu ya hayo iko leseni yako wewe dereva. Majina na viwango vinaweza kubadilika bajeti ikisomwa, lakini kanuni inabaki moja: tarehe ikipita, chombo kile kile kilichokuwa halali jana usiku kinaamka leo asubuhi kikiwa na kosa.

Zanzibar ina sheria yake ya barabarani, Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Bara wana ya kwao ya mwaka 1973. Zote mbili zinataka chombo cha moto kisajiliwe kabla hakijapanda barabarani. Na katika makosa ya namna hii, kusema "sikujua" hakumwokoi mtu. Hakimu hatakuuliza kama ulikusudia. Atauliza kama ulikuwa unaendesha, na kama karatasi ilikuwa hai. Basi.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba kila karatasi ina kosa lake. Ukisimamishwa mara moja, unaweza kushitakiwa kwa ada, kwa bima, kwa ukaguzi na kwa leseni, kila moja mbali. Mtu anaondoka nyumbani akidhani ana kosa moja, anafika mahakamani anakuta amesomewa manne. Chombo chenyewe kinaweza kuzuiwa, na kikizuiwa kinakula mvua na jua huku wewe unatafuta pesa.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nalo ni bima. Hapa naomba vijana wenzangu tusikilizane khasa. Faini ya karatasi, hata ikiwa chungu, ina mwisho. Ajali haina mwisho. Umemgonga mtoto wa watu pale Darajani, amevunjika mguu, au Mungu apishe mbali amefariki. Bima ikiwa hai, ile ya mtu wa tatu ambayo sheria inailazimisha, kuna shirika litakalosimama na kulipa fidia. Bima ikiwa imekufa, hakuna wa kusimama. Fidia inakufuata wewe na mwenye gari, hadi kwenye kiwanja mlichoachiwa na mzee. Na hata kama bima ni hai, lakini usajili au ukaguzi umekwisha, usidhani shirika litakukimbilia kwa bakora na kanzu. Watachukua mkataba wao, watausoma mstari kwa mstari, na wakiona sharti umelivunja wanaweza kukataa kukutengenezea gari yako. Ndiyo maana nasema tarehe ile ndogo iliyoandikwa kwenye karatasi si ya kuchezea.

TAJIRI YUKO WAPI?

Lakini hapa ndipo penye utata, na hapa ndipo walalahoi wanapoonewa.

Nani anaendesha magari na honda zilizokwisha muda katika mji huu? Nendeni njia ya 502 ya Bububu, nendeni njia ya 505 ya Uwanja wa Ndege, nendeni kwa vijana wa bodaboda. Wengi wao si wenye vyombo. Mwenye chombo ni tajiri, amekaa kwake. Kijana anachukua gari alfajiri, jioni anapeleka hesabu. Siku abiria wakiwa wachache hesabu iko pale pale, mvua ikinyesha hesabu iko pale pale. Kijana huyu hana kadi ya gari mkononi, pengine hajawahi kuiona. Hajui bima inakwisha lini. Akiuliza anaambiwa, "Wewe kazi hutaki? Wako kumi wanaoitaka."

Siku akisimamishwa, nani anatoa chai? Yeye. Nani anapelekwa kituoni? Yeye. Nani anasimama kizimbani? Yeye. Na jioni tajiri anauliza hesabu yake kama kawaida, eti mambo ya njiani si yake!

Sheria za barabarani tulizorithi kwa Waingereza, huku na huko Bara, hazimshiki dereva peke yake. Zinamshika na yule anayeruhusu chombo chake kiendeshwe katika hali isiyo halali. Kwa nini basi tunaona vijana wanapandishwa kizimbani peke yao? Tajiri ana anwani, ana simu, jina lake limo kwenye kadi. Kumpata si kazi. Ila kijana yuko karibu, na hana wa kumpigia simu.

Liko na jambo la kadi yenyewe. Vijana wengi wanaponunua honda iliyotumika wanapeana pesa barazani, wanapeana kadi, wanapeana mkono, kwisha. Hawaendi kubadilisha jina. Mwaka unapita, karatasi zinakufa, honda inagonga mtu. Kumbe kwenye daftari la Serikali honda ile bado ni ya mzee wa watu aliyeiuza zamani na kusahau. Na wewe uliyelipa pesa zako huna hata karatasi ya kuonyesha kwamba chombo ni chako. Umenunua kesi!

FORODHA MOJA, NAMBA MBILI

Jina la Forodhani linatokana na forodha, mahali mzigo unaposhushwa na kutozwa ushuru. Jioni tunapokaa pale kula mishkaki na kunywa juisi ya miwa, boti za kutoka Dar es Salaam zinapita mbele yetu kuelekea Malindi. Kila nikiziangalia nakumbuka kwamba kuna usajili mwingine unaokufa, si kwa tarehe peke yake, bali kwa kuvuka maji.

Fungueni Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Jedwali la Kwanza, orodha ya mambo ya Muungano. Ushuru wa forodha umo. Polisi wamo. Usajili wa gari haumo. Matokeo yake ni kizungumkuti. Gari inashushwa bandarini Unguja, inalipiwa ushuru wa forodha ambao ni wa Muungano, kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania ambayo ni ya Muungano. Kisha inapewa namba ya Zanzibar na chombo cha mapato cha Zanzibar, ambacho zamani kilikuwa Bodi, ZRB, na tangu 2022 ni Mamlaka, ZRA. Ukiendesha hapa, askari anayekusimamisha ni wa Muungano, lakini sheria anayoitumia si ya Muungano.

Gari hiyo hiyo ikipanda meli kwenda Dar es Salaam, kwa miaka mingi imekuwa ikikutana na mambo mengine. Hutakiwa kibali cha muda, na kibali kikikwisha mwenye gari anaambiwa aisajili upya na alipe tofauti ya kodi. Mtu ana namba, ana kadi, amelipa ushuru, na nchi inaitwa moja, lakini gari yake imegeuka mgeni aliyepitisha siku zake! Wafanyabiashara wa Kizanzibari wamelia na kutozwa mara mbili tangu sisi wengine tuko skuli. Suala la usajili wa vyombo vya moto liliingizwa kwenye orodha ya zile zinazoitwa hoja za Muungano, likakaa mezani kwenye vikao vya Serikali mbili mwaka baada ya mwaka, wakubwa wakipigiana danadana na kunywa maji ya chupa.

Nayaleta haya kwa sababu moja. Wakubwa wanapotufundisha kwamba karatasi ikikwisha muda ni kosa na kosa lina adhabu, tunakubali. Lakini na wao wajiulize: karatasi ya serikali inayokaa mezani miaka kumi na zaidi bila jibu, je, yenyewe haijakwisha muda? Adhabu yake nani analipa? Analipa yule yule mwenye gari kwenye kituo cha ukaguzi.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Wako watakaosema mwandishi anataka watu waendeshe bila karatasi. Hapana. Nataka karatasi isiwe mtego.

Waingereza, ambao walitutawala kuanzia 1890 hadi 1963, walianza kubandika karatasi ya duara kwenye vioo vya magari mwaka 1921. Waliibandika kwa zaidi ya miaka 90. Tarehe 1 Oktoba 2014 wakaiondoa. Hawakuifuta kodi, waliifuta karatasi. Siku hizi kamera inasoma namba na daftari linajua nani hajalipa. Na khasa tazameni hili: asiyelipa kwa wakati hupelekewa barua ya faini ya pauni 80, na barua ile haiendi kwa kijana aliyeazima gari. Inaendeshwa nyumbani kwa yule ambaye gari imeandikwa kwa jina lake. Hakuna wa kusimama njiani akaangalia bahari.

Ndugu zetu walioko Maskati wanaijua mulkia, kadi ya gari ya Oman. Muda wake ukikaribia kwisha unatakiwa uihuishe, na huihuishi kama huna bima au kama una faini hujalipa. Ni wakali, tena wakali kweli. Lakini ukali wao umeandikwa. Faini inakaa kwenye kumbukumbu ya gari na inakusubiri hapo. Mzanzibari aliyekwenda huko kuendesha gari anajua anadaiwa kiasi gani na kwa kosa gani. Akirudi likizo Unguja, ndani ya siku mbili anaulizwa, "Tunafanyaje?" naye anashangaa, maana alishasahau kwamba swali hilo lipo duniani.

Na Bara hapo? Juni 2017 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, alisoma Bajeti ya 2017/18 Dodoma akafuta ada ya mwaka ya leseni ya magari. Pesa ile ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Walikuwepo waliopiga kelele, na kelele zao zilikuwa na haki, maana nyongeza ile iliwekwa mpaka kwenye mafuta ya taa. Bibi wa kijijini anayewasha kibatari akawa anamchangia mwenye Land Cruiser! Hilo sitaki tuliige. Lakini kuna somo. Ada inayolipwa ndani ya mafuta haina tarehe ya kwisha. Isiyo na tarehe ya kwisha haiwezi kukamatwa imekwisha. Na isiyokamatwa haizai chai.

Somo jingine la Bara ni la faini. Kwa miaka dereva aliyekamatwa aliandikiwa karatasi ya shilingi 30,000. Bodaboda wakalalamika kwamba kosa la honda haliwezi kulingana na la basi. Katika Bajeti ya 2021/22 faini ya pikipiki na bajaji ikateremshwa kutoka 30,000 hadi 10,000. Kwa nini iliwezekana kuteremshwa? Kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Faini iliyoandikwa inaweza kubishaniwa bungeni. Je, ni mbunge gani au mwakilishi gani amewahi kusimama akaomba chai ipunguzwe?

KAMBA NA MWENYE KUIVUTA

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya nikamate kalamu.

Msomaji wa gazeti hili ni mtu wa mageuzi. Anahudhuria mikutano, anavaa fulana, anapandisha bendera kwenye honda. Naomba nimuulize: umewahi kuona karatasi za magari zinavyokaguliwa kwa bidii siku ya mkutano wa hadhara wa upinzani kuliko siku ya maulidi? Mabarazani jambo hili linasemwa kila uchaguzi ukikaribia, na mwenye macho haambiwi tazama. Mtu hakamatwi kwa siasa, la hasha! Anakamatwa kwa bima. Hazuiwi kwenda kwenye mkutano. Inazuiwa gari, mpaka mkutano ukishamalizika.

Na ukienda kulalamika utasema nini? Karatasi yako si imekwisha muda? Hapo umekwama. Hata wakili mzuri atakwambia kosa ulikuwa nalo. Aliyekuonea ameonea kwa kutumia uzembe wako mwenyewe.

Karatasi iliyokwisha muda ni kamba uliyojifunga shingoni halafu ncha yake ukaiacha barabarani. Siku nyingi inalala tu, unapita, unapeperusha bendera yako, unajiona huru. Siku atakayetaka kuivuta, ataivuta. Wewe huchagui siku. Anachagua yeye.

Upande wa pili nao tuuseme. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 12, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Vizuri sana. Basi tunauliza, na tunaomba tujibiwe: magari yenye namba za SMZ yanasimamishwa wapi kukaguliwa taa, breki na tairi? Nani amewahi kumwona kigogo ameteremshwa kwenye gari lake kwa sababu ukaguzi umekwisha? Kama gari ya Serikali haidaiwi ada, sawa, Serikali haijidai yenyewe. Lakini tairi kipara halijui kama limebeba waziri au limebeba mchicha. Likipasuka limepasuka.

SIKU MOJA YA NJAA

Wasomi watatwambia: "Msitoe chai. Nendeni mahakamani." Neno zuri. Lakini waje tulipige hesabu pamoja.

Kijana wa hesabu akienda mahakamani siku nzima, siku ile hajafanya kazi. Hajala yeye, hajala mama, na tajiri kesho yake amempa gari mwingine. Kwa hiyo kuna bei mbili mbele yake pale njiani. Bei ya kwanza ni siku nzima ya njaa pamoja na faini. Bei ya pili ni elfu tano sasa hivi. Anayeomba chai anaijua hesabu hiyo kuliko mwalimu wa hesabu. Ndiyo maana chai haipandi ikawa kubwa sana. Inawekwa chini kidogo tu ya gharama ya siku yako, ili ukubali bila kufikiri.

Lakini tufikiri kidogo. Tuchukue mfano wa kijana anayesimamishwa mara mbili kwa mwezi, kila mara elfu tano. Kwa mwaka ni shilingi 120,000. Hiyo ni pesa iliyotoka mfukoni, na mwisho wa mwaka karatasi bado imekufa vile vile, bima bado haipo, na siku ya ajali hana pa kushika. Amelipa mwaka mzima na hajanunua kitu. Hata mcheza kamari wakati mwingine hushinda!

TUFANYE NINI?

Kwanza sisi wenyewe. Kabla hujapokea ufunguo wa chombo cha mtu, iwe daladala, honda au vespa ya rafiki, soma tarehe. Usome ya bima kwanza. Ikiwa imekwisha, mrudishie ufunguo. Ukiwa dereva wa hesabu, muandikishane na tajiri, hata kwenye karatasi ya daftari, kwamba karatasi za chombo ni juu yake na faini ya karatasi ni juu yake. Mkatae sote, maana akikataa mmoja atafukuzwa, wakikataa wote wa kituo kimoja tajiri atakwenda kulipa. Ukinunua chombo, usiridhike na kadi, nenda ukabadilishe jina.

Ukisimamishwa na kosa unalo, usibishe kosa. Uliza kwa adabu: ni kosa gani, kifungu gani, faini kiasi gani, na namba ya malipo iko wapi. Hukuulizwa "tunafanyaje" ili ujibu kwa pesa. Jibu kwa maneno: "Niandikie, afande." Maneno mawili tu. Ukidaiwa pesa isiyo na risiti, iko ZAECA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012 kupambana na rushwa na uhujumu uchumi. Ipelekeeni habari, ili tuone kama ipo kwa ajili ya walalahoi pia.

Pili, Serikali. Hatuombi hisani, tunadai mambo manne. Orodha ya ada na faini zote za barabarani ichapwe kwa Kiswahili, ibandikwe Darajani, Kijangwani, Malindi na hapa Forodhani, mtu aisome akiwa anakunywa urojo wake. Mwenye chombo aitwe kizimbani kabla ya dereva wake kwa makosa ya karatasi. Mtu aliyechelewa siku chache apewe muda mfupi wa kulipa kwa nyongeza ndogo yenye risiti, asihesabiwe sawa na aliyekimbia miaka mitatu. Na magari ya wakubwa yakaguliwe hadharani, tena mchana.

Najua wako watakaosema hayo ni ndoto za kijana wa barazani. Lakini orodha ya kubandika ukutani inagharimu nini? Wino na gundi! Ikiwa hata hicho kimeshindikana, basi kuna watu ambao giza hili linawafaa, na tutakuwa na haki ya kuuliza ni akina nani.

Kuhusu vespa ya rafiki yangu, tulichangishana tukailipia karatasi zake zote. Tulilipa pesa nyingi kuliko elfu tano, sitawaficha, na rafiki yangu alinuna wiki nzima. Mwezi uliofuata nilipita pale pale nilipopigwa mkono. Nikapigwa mkono tena. Nikatoa karatasi. Zikasomwa mbele na nyuma, zikasomwa mara ya pili, kama vile mtu anatafuta kitu alichokipoteza humo. Halafu nikaambiwa neno moja: "Nenda."

Nilikwenda. Na njia nzima mpaka Forodhani nilikuwa nawaza wale wenzangu walioko nyuma yangu, ambao karatasi zao ziko kwa tajiri na ambao hawajui zinakwisha lini. Wao wataambiwa nini leo?